Maji Kwanza, Kanisa Baadaye: Uchambuzi wa Kisa cha Ziara ya Siku Moja Katika Misheni za San Antonio

Uchambuzi huu nimeuandika kwa ajili ya waongoza watalii wanaohudumia vikundi vidogo, hasa wale wanaoifanya kazi hiyo kwa Kiswahili huku ughaibuni. Unahusu siku moja ya mwezi Agosti ambayo ratiba yangu ilivunjika kabla wageni hawajashuka garini. Maamuzi niliyoyafanya kwa haraka siku hiyo yalizaa mazuri ambayo sikuyatarajia, na yalizaa pia makosa ambayo simu mbili za siku iliyotangulia zingeyazuia. Nimeondoa majina yote ya wageni, nimebadilisha baadhi ya umri na undugu wao, na sitaji mwaka. Jambo moja la mgeni mmoja, yaani alikotoka, nimeliacha kwa idhini yake, kwa sababu bila hilo kisa hakieleweki.

Mahali penyewe

Kando ya mto San Antonio, katika jimbo la Texas nchini Marekani, kuna misheni tano za zama za utawala wa Kihispania, zote zikiwa ndani ya ukanda wa takriban kilomita 12. Ya kwanza, San Antonio de Valero, ilianzishwa mwaka 1718, nayo ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Alamo. San José ilifuata mwaka 1720, mwanzilishi wake akiwa padre Mfransisko Antonio Margil de Jesús. Tatu zilizobaki, Concepción, San Juan Capistrano na San Francisco de la Espada, zilianzia mashariki mwa Texas zikashindwa huko, kisha zikahamishiwa kando ya mto huu mwaka 1731. Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza zote tano katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Rancho de las Cabras, ranchi ya mifugo ya misheni ya Espada iliyo kilomita 37 kusini mwake.

Ziara zangu haziingii Alamo. Pale vita vya mwaka 1836, kati ya waasi wa Texas na jeshi la Mexico, vimemeza kila kitu kingine, na mgeni aliyeanzia huko hubaki siku nzima akiuliza habari za mizinga. Misheni nne za kusini ziko ndani ya hifadhi ya kihistoria ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1978, na kuingia ni bure, ingawa mwongozaji wa biashara sharti awe na kibali. Hata hivyo, makanisa yenyewe ni mali ya Kanisa Katoliki na yote manne ni hai: kuna Misa, ubatizo, harusi na mazishi. Unaweza kuwa unaeleza mchoro wa karne ya 18 ulioko ukutani huku hatua kumi kutoka ulipo mtoto analia kwa maji ya ubatizo. Mwongozaji hulijua jambo hili kichwani, lakini kulijua kwa miguu, yaani kulipanga katika ratiba, ni kazi nyingine.

Walioishi katika misheni hizi walikuwa wenyeji wa asili wa vikundi vingi vidogo, ambavyo wanahistoria wamezoea kuvikusanya chini ya jina la Wakoahuilteko. Walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi. Mwanzoni mwa karne ya 18 walikuwa wamebanwa pande mbili, Waapache wakishuka kutoka kaskazini na mpaka wa Wahispania ukipanda kutoka kusini, huku maradhi ya Ulaya yakiwapunguza mwaka hadi mwaka. Ndio waliochimba mifereji, wakachonga mawe, wakalima mahindi na kuchunga ng'ombe kwa farasi. Mwaka 1739 ndui na surua viliwaua wengi mno, na misheni zikalazimika kutafuta watu wapya.

Kikundi na ratiba

Wageni walikuwa tisa. Watano walikuwa wa familia moja ya Kitanzania inayoishi Texas: baba, mama, binti wa miaka kumi na minne, mdogo wake wa kiume, na babu yao aliyekuja kuwatembelea kutoka Kilimanjaro, mzee aliyevuka miaka sabini na mitano na aliyekuwa katekista karibu maisha yake yote. Wawili walikuwa kina mama wa Kikongo, ndugu wa tumbo moja, waimbaji wa kwaya katika parokia yao. Wawili wa mwisho walikuwa mume na mke wenye asili ya Kenya, waliosafiri kutoka jimbo la mbali. Mume alikuwa fundi wa majengo, na alikuwa ameniandikia mapema kwamba analotaka kuliona kuliko yote ni kanisa la San José, pamoja na lile dirisha la mawe yaliyochongwa kwenye ukuta wa sakristia, chumba cha padre kujiandalia Misa, linaloitwa Dirisha la Waridi.

Ratiba ilikuwa ile niliyoitumia kwa miaka kadhaa. Saa tatu asubuhi tungeingia kanisa la Concepción, lililowekwa wakfu mwaka 1755 na ambalo halijawahi kujengwa upya, nami ningewaketisha wageni katika viti na kuwapa historia nzima kwa nusu saa. Kisha tungekwenda San José, tungekula, na alasiri tungemalizia San Juan na Espada. Ulikuwa mpangilio wa ukubwa, unaoanza na majengo ya fahari na kuishia kwa madogo. Sikuwahi kujiuliza mpangilio huo ulikuwa unasimulia habari za nani.

Yaliyotokea

Tulipokata kona kuingia Concepción tulikuta gari la maiti limesimama mbele ya mlango, na watu waliovaa nyeusi wanashuka kutoka magari mengine. Misa ya wafu ilikuwa ianze saa nne. Jumamosi hiyo sikuwa nimepiga simu parokiani, kwa kuwa mazoea yalikuwa yameniambia kwamba saa tatu mahali pale huwa patupu.

Mawazo matatu yalitolewa garini. Mume na mke walipendekeza tusubiri nje mpaka Misa iishe. Mmoja wa kina mama wa Kikongo alisema sote ni Wakatoliki, hivyo tungeweza kuingia kimya na kukaa nyuma. Msiba ni msiba, na hakuna anayefukuzwa msibani. Hoja yake ilinigusa, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Lakini tungeingia tukiwa na kofia za jua na kamera, tumelipa fedha ili kutazama kuta, na wafiwa wasingekuwa na namna ya kujua nia zetu. Dereva alisema twende San José moja kwa moja.

Niliamua jambo la nne: kuigeuza siku nzima juu chini. Tungeanzia mwisho wa kusini, kwenye daraja la maji la Espada, halafu turudi kaskazini hatua kwa hatua, ili Concepción iwe ya mwisho saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa jua, maana Agosti huko joto hupita nyuzi 35 mchana, na mahali palipo wazi pafaa asubuhi kuliko wakati mwingine wowote. Ya pili ilikuwa kwamba ningekuwa na hakika ya kumaliza siku ndani ya kanisa. Niliwaeleza wageni sababu hizo waziwazi na kuwaomba radhi. Baba wa familia alisema, "Haya, tupeleke," tukaondoka bila kupiga honi wala kugeuzia gari mbele ya waombolezaji.

Daraja la maji la Espada ni jengo dogo. Ni matao mawili ya mawe yaliyojengwa katika miaka ya 1740 juu ya kijito kiitwacho Piedras, na kazi yake ni kuyavusha maji ya mfereji kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Maji huanzia kwenye kizuizi kilichojengwa mtoni juu zaidi, huinuliwa kidogo, kisha huteremka kwa uzito wake yenyewe hadi mashambani, bila pampu wala gurudumu. Yanapita hadi leo. Katika ratiba ya zamani nilikuwa nikitumia dakika kumi tu hapo, mwisho wa siku, wageni wakiwa wamechoka.

Safari hii mzee wa Kilimanjaro alishuka, akasogea ukingoni, akachutama. Hakuuliza kitu. Alichovya vidole viwili majini, akachuma jani, akaliweka juu ya maji na kuanza kutembea sambamba nalo, polepole, mikono nyuma. Jani lilipita juu ya daraja naye akazunguka chini kulipokea upande wa pili. Kisha akamwita mjukuu wake wa kike na kumwonyesha kwa fimbo jinsi mfereji ulivyopinda kufuata mgongo wa ardhi. Akasema kwao unaitwa mfongo, na kwamba baba yake alikuwa na zamu ya maji siku fulani ya juma, na kwamba mtu akiiba zamu ya mwenzake wazee wanakaa. Akanigeukia na kuuliza, "Mwanangu, aliyepima mteremko huu ni padre au ni hawa wenyeji?"

Nilimjibu ninavyojua: kwamba ufundi wa mifereji hii Wahispania walikuja nao, nao waliurithi kwa sehemu kubwa kutoka kwa Waarabu waliotawala Uhispania, hata neno lenyewe acequia ni la Kiarabu, ni "assaqiya" iliyopita katika midomo ya Kihispania. Mikono iliyochimba ilikuwa ya wenyeji. Mashamba yaligawanywa kwa vipande vilivyoitwa suertes, neno lenye maana ya bahati, na maji yaligawanywa kwa zamu kama kwao. Hapo mazungumzo yakawaka. Wakongo walisimulia mashamba ya misheni walikokulia, mama wa familia akauliza nani alisafisha matope, na fundi wa majengo akapanda na kushuka akitazama jinsi mawe yalivyofungamanishwa. Tulikaa dakika hamsini. Nilitazama saa nikaiacha.

Katika misheni ya Espada yenyewe, yenye kanisa dogo na ukuta wa kengele tatu, tulipita kwa haraka. Jambo moja lilituchelewesha. Niliwaambia kwamba padre wa hapo, Bartolomé García, mwaka 1760 alichapishiwa Mexico kitabu cha kuongozea sakramenti, chenye Kihispania upande mmoja na lugha ya wenyeji upande wa pili, na kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu lugha hiyo kimetoka humo. Ni maswali ya kuungamisha: je, umefanya hili, je, umefanya lile. Mama mmoja wa Kikongo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo lugha nzima imebaki katika dhambi zao tu." Sina maneno bora kuliko hayo, na tangu siku hiyo huwaambia wageni kwamba ni mgeni aliyesema.

San Juan nilifanya kosa la kwanza la siku. Niliwakusanya wageni katika uwanja wa nyasi karibu na kuta za kanisa ambalo halikumalizika kujengwa, kwa sababu kulikuwa na kivuli, na nikaanza kueleza. Mdogo wa kiume alikuwa akirukaruka. Bibi mmoja wa parokia, aliyekuwa akimwagilia maua, alikuja akatuomba kwa Kihispania, kwa upole, tusogee, kwa kuwa humo wamelala watu. Nilikuwa ninajua. Nilikuwa ninajua kwamba katika misheni hizi wafu walizikwa kuzunguka kanisa bila alama, na kwamba mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale walifukua mifupa hapo San Juan wakaipeleka katika vyuo, na kwamba wazao wa wenyeji walidai kwa miaka mingi mpaka ikarudishwa na kuzikwa upya katika ardhi hiyohiyo mwaka 1999. Nilikuwa ninajua haya yote, na bado nilisimamisha watu tisa pale kwa sababu ya kivuli. Mzee alivua kofia. Tulisogea, nikamwomba bibi radhi, nikawasimulia wageni habari hiyo tukiwa tumesimama njiani, juani.

Tulikula, kisha saa nane mchana tukafika San José, iliyo kubwa kuliko zote, yenye uwanja mpana uliozungushiwa ukuta ambao ndani yake ndimo vilimo vyumba vya wenyeji. Niliwaambia mapema kwamba ukuta na vyumba hivyo kwa sehemu kubwa vilijengwa upya katika miaka ya 1930, kwani mgeni akigundua mwenyewe baadaye huona amedanganywa. Tulisimama mbele ya mlango wa chumba kimojawapo, chumba chembamba chenye meko. Nilieleza jinsi kengele ilivyoita asubuhi kwa sala, kisha kwa kazi, kisha kwa chakula, kisha kwa mafundisho. Binti akauliza, "Walikuwa wanaruhusiwa kurudi kwao?"

Nikajibu, "Wengi walikuja wenyewe kutafuta ulinzi dhidi ya Waapache, na chakula."

Yule mama wa Kikongo akaniangalia. "Mwalimu, mtoto hakukuuliza walikujaje. Amekuuliza kama waliruhusiwa kuondoka."

Kabla sijajibu, mzee aliyumba na kushika ukuta. Baba wa familia alimdaka. Tulimwingiza ndani ya chumba, penye ubaridi wa mawe, tukamketisha, tukamlegeza viatu na vifungo vya shati, tukamwekea kitambaa chenye maji shingoni na kumnywesha kidogokidogo. Alikuwa anajibu vizuri, anajua alipo, na ngozi yake ilikuwa na jasho. Kwa mafunzo yangu, dalili hizo zilionyesha uchovu wa joto ambao haujafikia hatari. Kama angechanganyikiwa au ngozi ingekauka na kuwaka moto, ningepiga 911, namba ya dharura ya Marekani, bila kumuuliza mtu. Nilimweleza mwanawe hivyo, na nikamwambia kwamba akitaka tupige hata sasa, tutapiga. Walichagua kusubiri. Baada ya nusu saa mzee alikuwa sawa, na ndipo nilipouliza alikunywa maji kiasi gani tangu asubuhi. Hakuwa amekunywa hata kikombe. Nilimuuliza kwa nini, na akasema kwa sauti ya chini kwamba hakujua vyoo viko wapi, na hakutaka kuwasimamisha watu.

Humo chumbani, akiwa bado ameketi, aliniambia: "Mtoto aliuliza swali, hukulijibu. Mimi nimekuwa katekista tangu kijana. Usinichagulie la kusikia." Kisha akawaeleza wajukuu zake habari za Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni mwaka 1868 na kuwaweka watumwa waliokombolewa katika kijiji cha Kikristo, na jinsi kengele ilivyopanga siku nzima huko pia. Alisema habari hiyo alikuwa akiifundisha bila kuificha.

Nikamjibu binti upya. Nilimwambia kwamba baadhi walikuja kwa hiari kwa maana ya mtu aliyebanwa na njaa na adui, na wengine waliletwa, na kwamba mtu akishabatizwa mapadre walimhesabu kuwa wa misheni. Akitoroka, padre alitoka na askari kumtafuta na kumrudisha, na walikuwapo waliochapwa. Wengi walitoroka hata hivyo, hasa misimu ya matunda ya mwituni. Wengine walibaki, wakaoana, wakagawiwa vipande vya ardhi misheni zilipoanza kuvunjwa katika miaka ya 1790, na wazao wao bado wanaabudu katika makanisa hayo. Binti aliuliza kama yule bibi wa maua alikuwa mmoja wao. Nilimwambia sikumuuliza.

Wakati huo harusi ilikuwa imeanza kuwasili San José. Fundi wa majengo na mkewe walipata dakika kumi tu ndani ya kanisa kabla wapambaji hawajatuomba tutoke. Dirisha la Waridi, lililo upande wa nje, waliliona kwa utulivu, lakini sicho pekee walichokifuata.

Concepción, saa tisa na nusu, ilikuwa tupu, na maua ya msiba yalikuwa bado mbele ya altare. Sikuketisha watu na kuhubiri historia kama nilivyozoea, kwa kuwa hapakuwa na la kuhubiri, walikuwa nayo. Katika chumba cha pembeni cha makazi ya mapadre, binti aliinua kichwa, akaona darini uso wa jua uliochorwa, wenye macho na masharubu, akamwita babu yake aje amwone yule mtu.

Matokeo

Mzee alilala salama na siku ya pili alikuwa mzima. Wageni saba waliandika kuridhika kwao, na kina mama wa Kikongo walileta kikundi kingine cha kwaya yao baadaye. Mume na mke waliandika kwa heshima lakini bila kuficha kwamba walisafiri mbali kwa ajili ya jengo moja na wakapewa dakika kumi, na kwamba kanisa lililofungwa kwa mazishi na kanisa lililofungwa kwa harusi ni kosa lilelile mara mbili. Nilikubaliana nao. Tuliwarudishia nusu ya nauli, nami nikajitolea kuwapeleka San José bila malipo siku watakayorudi. Hawajarudi hadi leo.

Uchambuzi

Nianze na lililo zito kwangu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaingiza watu kanisani kwanza, nikiwaketisha wakielekea altare, na kuwasimulia wenyeji wa asili kama watu waliokuja kwenye jengo. Mpangilio huo haukuwa na uongo wowote ndani yake, kila sentensi ilikuwa sahihi, lakini miguu ya mgeni ilikuwa imeshaamua mwenye nyumba ni nani. Mazishi ya mtu tusiyemjua yalinilazimisha kuanza kwenye mfereji. Mgeni anayeanza kwenye mfereji anaona kazi kabla ya kuona fahari. Akifika kanisani, anajua mahindi yaliyowalisha waashi yalitoka wapi na maji yake yalipitia wapi. Maswali yote makubwa ya siku ile, la mteremko, la lugha na la kuondoka, yaliulizwa kabla hatujakaa katika kiti chochote cha kanisa. Katika ratiba ya zamani sikumbuki kuulizwa hata moja kati ya hayo.

Nikiri pia kwamba sehemu ya mafanikio hayo ilikuwa ya mzee, si ya kwangu. Mfereji unazungumza na mtu aliyewahi kushika zamu ya maji. Kikundi cha watu wa mjini kingeweza kusimama palepale kikaona ukuta wenye matao mawili tu. Ndiyo maana sasa, kabla ya safari, huwauliza wageni walikulia wapi na wazazi wao walifanya kazi gani. Swali hili halimo katika fomu za makampuni mengi, ilhali kwa kikundi cha watu tisa lina faida kuliko kuuliza wanapenda chakula gani.

Uamuzi wa kutoingia kwenye Misa ya wafu ninaushikilia, ijapokuwa hoja ya mama yule ilikuwa ya kibinadamu na ningeweza kuwa nimekosea. Kilichoamua ni kwamba tulikuwa tumelipwa kuwa pale. Mtu akija peke yake kama muumini, akaacha kamera garini, jambo ni tofauti.

Kugeuza ratiba kulikuwa sahihi kwa jua la asubuhi, lakini niliigeuza nusu. Nilihesabu mwanga, nikahesabu umbali, sikuhesabu kwamba Jumamosi alasiri ni saa ya harusi. Nilikuwa na simu mfukoni na dakika ishirini za barabarani kuelekea Espada, na ningeweza kumpigia mtu wa parokia ya San José wakati dereva anaendesha. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimefurahi kupata jibu, na mtu aliyefurahia jibu lake huacha kulichunguza. Dakika hamsini za mfereji zilikuwa na thamani, lakini zililipwa na mume na mke, ambao ombi lao lilikuwa limeandikwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama ningejua kuhusu harusi, tungepita San José saa sita kabla ya kula, na San Juan ingesubiri.

Kuhusu afya ya mzee, nilibeba maji ya kutosha na nilikuwa nikisema "kunyweni maji" kila kituo. Hayo ndiyo mafunzo yanavyosema, na hayakusaidia, kwa kuwa tatizo lake halikuwa kiu. Wazee wetu wengi wakisafiri na watu wasiowazoea hujizuia kunywa ili wasije wakaomba kusimamishiwa gari, na hawatalisema hilo mbele ya wakwe na wajukuu. Kinachosaidia ni kutaja vyoo kabla ya kutaja maji: kwamba kila misheni tutakayopita ina choo, kiko upande huu, na tutasimama hapo sote, dakika kumi, kila mtu. Gari likisimama kwa ajili ya wote, hakuna aliyesimamisha gari.

Jibu langu la nusu kwa binti lilikuwa kosa la woga. Nilimwona katekista mbele yangu, nikadhani ninamhifadhi, na kwa kufanya hivyo nilimdharau yeye na nikamnyima mtoto haki yake. Ilibidi mama mmoja na mzee mwenyewe wanirudishe kwenye swali. Mwongozaji anayefanya kazi na watu wa imani atakutana na jaribu hili mara nyingi. Nimejifunza kuliandaa jibu la swali hilo kwa maneno kamili, yenye kuondoka na kurudishwa ndani yake, ili lisinipate nikiwa nimechoka saa nane mchana.

La San Juan sina la kulitetea. Siku hizi tunasimama njiani, nje ya nyasi, hata kama ni juani, nami huwaambia wageni sababu kabla hawajashuka garini. Kivuli tunakipata baadaye, upande wa mashamba, ambako maji yamerudishwa katika mfereji wa zamani wa misheni na mboga zinalimwa tena. Mzee alituma salamu kupitia mwanawe miezi michache baadaye, akauliza ni nani anayeusafisha mfereji siku hizi na kama wana zamu. Nilikwenda kumtafuta yule bibi wa maua nikamuulize.